Duka la Kwanza Kutajwa

Binti yangu hununua nguo kwa simu. Kwanza husoma wanunuzi wenzake wamesema nini. Ananiambia duka linalosifiwa ndilo linalopanda juu, na linalosemwa vibaya huzama hata usilione. Anadhani ni mambo mapya. Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine.

Nilikuwa nauza vitumbua stendi ya Tanga. Baada ya miaka ya foleni, bidhaa zilikuwa zimerudi madukani, na wanawake wa Muheza waliokuja kununua nguo za harusi walikuwa wakishuka tu kwenye basi wananiuliza mimi kanga nzuri ziko wapi. Niliyemtaja kwanza alikuwa mama mmoja Mhindi mwenye duka Usagara, mjane. Nilimpenda sana. Wakati wa dhiki, hata sanda haipatikani, alinipa bafta ya kumzikia mama yangu, na bafta yenyewe alikuwa amejiwekea yeye.

Kisha nikanunua doti ya kanga nyekundu kwake kwa ajili ya harusi ya Chumbageni. Kanga mpya hulowekwa kwenye maji ya chumvi ili rangi ishike, hata mtoto analijua hilo. Mimi kwa haraka zangu nikaisuuza tu. Harusini jasho likanitoka, na nilipomkumbatia wifi yangu wekundu ukabaki kwenye gauni lake jeupe. Wanawake wakacheka. Kwa aibu nikasema kanga za yule mama zinachuja.

Kesho yake nikalirudia neno hilo stendi, na keshokutwa. Haikupita miezi, wageni wakawa wanashuka wakiwa wameshaonywa hukohuko Muheza.

Dada yangu ndiye aliyeniuliza kama niliitia chumvi ile kanga. Tangu siku hiyo nikaanza kumsifu yule mama kwa kila abiria, nao wakanicheka: si wewe uliyetukataza?

Nikaenda dukani. Kanga zilijaa rafuni, mteja hakuna hata mmoja. Alikuwa anafunga mizigo ahamie kwa mwanawe Dar es Salaam. Nikamwamkia, nikamweleza yote huku nalia. Aliitikia marahaba, akaendelea kukunja.

"Nilisikia wiki ileile ya harusi," akasema. "Nikakuwekea doti nyingine, nikangoja uje unigombeze mimi."