Mwanamvua na Bati za Zahanati

Mwanamvua wa Janga alikuwa mwoga, na wala hakuficha. Aliogopa nyoka, radi, maji ya Ruvu yakijaa, hata jogoo wa jirani. Mumewe Salehe, mkulima wa mihogo, alijiona simba, na kila jioni barazani aliwavunja watu mbavu kwa vituko vya mkewe. Kwa hiyo kijiji cha ujamaa kilipomaliza kuta za zahanati kikakosa bati, ni Salehe huyo huyo aliyesimama mkutanoni akatangaza kwamba atapiga baiskeli mpaka Maneromango, kijiji kwa kijiji, akiomba mchango. Watu wakapiga makofi. Mwanamvua akamfuata nje.

"Nakwenda na wewe," alimwambia.

"Wewe? Kivuli chako mwenyewe kinakukimbiza!"

"Ndiyo maana siwezi kubaki. Nikibaki nitakufa kwa mawazo."

Basi wakatoka watatu: Salehe mbele, nyuma yake Pazi, kaka yake Mwanamvua, aliyembeba dada yake kwenye keria pamoja na dumu la maji na mihogo ya kuchemsha. Ili watu waamini kwamba shughuli ni ya hospitali, Salehe aliazima koti jeupe la dresa, mfunga vidonda wa kijijini, akalivaa. Shingoni akaning'iniza tyubu nyekundu ya akiba, na pampu akaichomeka mkandani. Alipendeza, na yeye mwenyewe alijijua.

Mwaka ule habari za mumiani zilikuwa zimeenea pwani nzima. Ilisemwa kuna watu wanaokamata wenzao njiani, wakawanyonya damu, ikauzwe mahospitalini. Mwanamvua alizisikia, akaogopa kwamba watakutana na mumiani. Kwamba wao ndio wangeonekana mumiani, hilo halikumpitia kichwani hata yeye, bingwa wa kuogopa.

Kibaha walipokewa vizuri, na Kisarawe walilala kwa ndugu. Kesho yake, kwenye mchanga wa njia ya Maneromango, mnyororo wa baiskeli ya Pazi ukakatika. Salehe hakuwa na subira. Akasema anatangulia kijiji cha mbele, wamfuate wakikokota.

Hawajafika mbali wakasikia yowe, si la mtu mmoja.

Walimkuta amefungwa kamba kwenye mkorosho. Koti lilikuwa limechanika na mdomo unavuja damu. Wanaume walimzunguka na mapanga, na mmoja wao aliinua pampu juu, akapiga kelele: "Sindano yake hii hapa! Na mpira wa kupitishia damu ndio huu!"

"Dada, turudi tukaite polisi," Pazi alinong'ona, na lilikuwa neno la busara.

Lakini Mwanamvua hakumsikia. Aliona panga linapanda, akafumba macho, na kwake yeye lilikuwa limeshashuka. Akaanguka mchangani, mikono kichwani.

"Mume wangu weee! Salehe, unaniacha na nani! Wanao nitawaambia nini!"

Kule kilio hakiulizwi ni cha nani. Wanawake waliokuwa wamejibanza milangoni na watoto wao wakajifunga kanga viunoni, wakaja wakaketi naye chini, wakakipokea. Penye kilio hata jembe halipigwi, seuze panga. Wanaume wakatazamana, wasijue mikono waiweke wapi. Panga moja likateremka, na la pili.

Bi Zubeda, mkubwa wa wanawake wale, akamshika bega. "Pole, mwanangu. Nani kafariki?"

"Mume wangu."

"Maiti iko wapi?"

"Yule pale."

Maiti ikainua kichwa. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," Bi Zubeda akaitikia kwa mazoea, kisha akashtuka na kuwageukia wanaume. "Mumiani gani huyu anayetembea na mke wa kumlilia? Mfungueni!"

Walimfungua, ila wakamtaka kwanza aijaze upepo baiskeli yake mbele yao, waione hiyo sindano ikifanya kazi. Akajaza, pampu ikimponyoka kila mara. Na kwa kuwa watu hawaondoki kwenye kilio mikono mitupu, wanawake wakaleta rambirambi: korosho, mayai, sarafu zilizofungwa kwenye pindo za kanga, na vyote vikaingia kwenye mchango wa bati. Koti jeupe Bi Zubeda aliamuru lizikwe.

Wakati wa kurudi Mwanamvua alipanda keria ya mumewe, akamkumbatia kiuno kwa nguvu zote.

"Umenililia vizuri, mke wangu," Salehe alicheka. "Nikifa kweli usipunguze!"

Barazani, huko Janga, Salehe alikisimulia kilio kile mpaka watu wakafuta machozi kwa kicheko, na Mwanamvua akawaacha wacheke. Walipokwenda kulala, ni Salehe aliyeomba kibatari kisizimwe.