Kamba Niliowaficha Nyuma ya Nepi

Nimekosa, na kosa langu linanuka. Sisemi kwa mafumbo. Lilinuka kweli, siku nne nzima, mpaka watu wazima wakaziba pua kwa mitandio yao, na mimi mwenye kosa nikaziba pamoja nao!

Jina langu sitalitaja. Ningekuwa na ujasiri wa kulitaja nisingefika huku kwenye kuandika. Wewe nichukulie kama shoga yako aliyekuja kukaa jikoni kwako, chai ikamshinda, akaanza kusema.

Mimi ni mwanamke wa Tabora mjini, umri umeshapita hamsini. Kwetu tunajiita watu wa mji. Mababu walikuja na misafara kutoka pwani, wakauza nguo na shanga, wakaoa, wakabaki. Mali yenyewe iliisha zamani, tukarithi majivuno tu. Ukikulia nyumba kama yetu unafundishwa mapema kwamba kuna watu wa kubeba kikapu na kuna watu wa kubebewa.

Mume wangu alikuwa na cheo ofisini. Akastaafu, gari tukaliuza, msichana wa kazi tukamrudisha kwao. Mimi nikabaki na madera mazuri na mashoga.

Mashoga wenyewe sasa! Tuko saba. Kila Ijumaa baada ya alasiri tunakutana kwa mmoja wetu, nitamwita Bi Salma, mke wa tajiri. Tukikaa pale hatuna habari nyingine zaidi ya nani kanunua nini na kanunua wapi.

Mjini kwetu supamaketi ziko tatu, na sisi tulizipanga kama watoto wanavyopangwa darasani. Ile ya karibu na stendi tulisema ya wanafunzi na makondakta: bei nafuu, lakini sakafu inanata na biskuti zina vumbi. Ya pili tukaiita ya walimu, kwa sababu mtu anapiga hesabu kwenye simu kabla hajafika kaunta. Ya tatu ni mpya, ina kiyoyozi na mlango unaojifungua wenyewe. Hiyo ndiyo tulisema yetu.

Siku moja mwenzetu mmoja, mke wa daktari, akajisahau. Akasema, "Lakini jamani, sabuni ya kule stendi na ya huku si ileile?"

Bi Salma akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Sabuni ileile, sawa. Lakini unapanga foleni nyuma ya nani?"

Tukacheka sote. Mimi nilicheka kuliko wote, na moyoni natetemeka.

Kwa nini natetemeka? Kwa sababu chakula cha nyumbani kwangu chote kilikuwa kinatoka sokoni, kwa Mama Milembe. Hilo nalo si jina lake. Ni mwanamke wa kijijini Ntalikwa, anauza maharage, karanga, mchele, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na nsansa, yale majani ya kunde ya kukausha. Mchele wake anaupeta mbele ya macho yako, hukuti jiwe. Ule wa supamaketi yetu una mfuko wa dhahabu na picha ya sufuria linalofuka moshi, na ukiupika unanuka stoo. Nilijua! Ulimi wangu ulijua kabisa ubora uko wapi, ila ulimi hauonekani na watu.

Basi nilikuwa nakwenda sokoni asubuhi na mapema, ushungi umeshuka mpaka kwenye nyusi, mkononi nina mfuko wenye nembo ya supamaketi. Mama Milembe ananijazia humo, juu anafunika gazeti.

"Hee mama," ananitania, "maharage yangu leo yamepanda cheo!"

Alikuwa akicheka, lakini hakuwahi kumwambia mtu. Hata wauzaji wa meza za jirani wakiniuliza jina, yeye anawajibu kwa niaba yangu kwamba mimi mgeni wake.

Mwaka jana binti yake, Milembe, akapata kazi kwenye ileile supamaketi yetu. Anapanga vitu kwenye rafu za sabuni na nepi za watoto. Mama yake furaha ilimjaa. "Mwanangu anafanya kazi kwenye baridi, mama! Anarudi jioni hana hata tone la jasho." Mtu aliyezaliwa kwenye jembe ndiye anayejua uzito wa maneno hayo.

Sasa nikwambie uchafu wangu.

Kila Jumamosi nilikuwa naingia supamaketi, nachukua toroli, najaza. Jibini, juisi za nje, soseji, chokoleti. Nazunguka polepole. Nikikutana na mtu tunayejuana tunasimama, tunaongea, na yeye macho yako kwenye toroli langu. Nikiona nimeonekana vya kutosha, nalisukuma pembeni karibu na mikate, nashika simu sikioni kama nimepigiwa, natoka. Sijanunua kitu! Mwanamke mzima, bibi wa wajukuu wawili, nacheza kununua kama watoto wanavyocheza kupika!

Milembe alinigundua mapema. Siku ya kwanza alinikuta naliacha toroli. Nikadhani atapiga kelele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Liache tu hapo mama. Nitarudisha mimi."

Akarudisha kimoja kimoja mahali pake. Na kila Jumamosi iliyofuata ikawa hivyo. Hakucheka, hakuuliza, na kwao hakusema, maana mama yake angenitania.

Jumamosi ile ya balaa nilipita kiasi. Nikaingiza mkono kwenye friza nikatoa kamba, wale wa baharini, pakiti kubwa ya kugandishwa. Sijui hata wanapikwaje! Nilichukua kwa sababu ya bei. Bei ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu nene, mtu anaisoma akiwa mbali.

Nikakutana uso kwa uso na Bi Salma.

"Ehee, leo kamba!" akasema. "Mambo yako si mabaya, mwenzangu." Nikatabasamu mpaka taya likauma.

Kwa kawaida angepita. Siku hiyo dereva wake alikuwa nje, akaniganda. "Malizia tutoke wote, nikushushe nyumbani." Nikaangaza macho kumtafuta Milembe. Hayupo, kaenda kula. Bi Salma amesimama palepale kwenye friza anachagua kuku, na mimi pochi yangu haina hata nusu ya bei ya wale kamba.

Nikaanza kutua mzigo kijanja. Juisi nikairudisha kwenye juisi. Chokoleti nikaitupia kwenye biskuti. Kamba wakabaki, na friza ndiyo hiyo imezibwa na Bi Salma. Nikakata kona kwenye nepi za watoto, nikasogeza mabunda ya mbele, nikawasukumia kamba nyuma kabisa, ukutani. Nikarudisha mabunda. Kaunta nikalipia dawa ya mswaki.

"Na vile vingine?" Bi Salma akauliza.

"Wataniletea kwa bajaji."

Uongo ukitoka mmoja wa pili haukuombi ruhusa. Nikapanda gari lake, nikashushwa mlangoni kwangu kama malkia, na Jumapili nikawa nimeshawasahau wale kamba. Naapa nilisahau kabisa. Kitu ambacho hukukilipia hakikukai kichwani.

Kamba hawakunisahau mimi. Ilikuwa kile kipindi cha joto kabla ya mvua, umeme unakatika mchana, kiyoyozi kimezimwa. Jumatano nikapita na Bi Salma kutafuta zawadi ya mtoto mchanga. Tulipofika mlangoni tu, loo! Harufu ilinishika koo. Ilikuwa nzito na tamu, inakulamba uso. Wateja wanatema mate nje. Mwanamke mmoja mjamzito ameinama kwenye maua anatapika. Na mimi nikajua palepale.

Walikuwa wameshawatoa. Pakiti iko sakafuni kwenye beseni, imevimba, maji yake yamechuruzika mpaka kwenye nepi, meusi. Nikiandika hivi mate yananijaa mdomoni. Ptuu!

Milembe amesimama mbele ya kaunta, mbele ya wateja wote, mikono nyuma. Meneja ni kijana wa Dar, mwenye tai, anamfokea.

"Rafu ya nani hii? Si yako? Ulificha ukitegea jioni uondoke nao, halafu ukasahau! Oya, nani alikutuma?"

"Sikuficha mimi, bosi."

"Nani basi? Wajua, useme!"

Milembe akainua macho. Akaniona. Ndugu yangu unayesoma, yule binti alijua. Nani mwingine mjini Tabora anachukua vitu asivyonunua? Akanitazama kwa muda wa kumeza mate mara moja, kisha akatazama chini.

"Sijui," akasema.

Meneja akafuata macho yake, akaniona na mimi. Sauti ikalainika. "Mama samahani kwa usumbufu. Wewe ni mteja wetu wa kila wiki. Hujawahi kumwona huyu binti akifanya vitendo vya ajabu?"

Ningesema sijaona, ingetosha. Ningenyamaza, ingekuwa dhambi ndogo. Lakini Bi Salma alikuwa ubavuni kwangu, ananisikiliza. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko, nikasema:

"Mchovya asali hachovyi mara moja."

Watu wakaguna kukubali. Methali ina nguvu, huulizwi ushahidi.

Wakamfukuza saa ileile. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka kaunta. Alipofika mlangoni nilipo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

Sikuweza kuitikia. Jamani, mtoto ananipa heshima yangu na mimi nimeshindwa kuipokea!

Siku kumi na mbili sikukanyaga sokoni. Nilikuwa nanawa mikono kwa sabuni, kwa limau, kwa majivu, naisikia harufu kwenye kucha. Mume wangu akanusa, akasema hakuna kitu, mke wangu, unaumwa? Nikamwambia malaria.

Siku ya kumi na tatu nikaenda kwa meneja. Nilikuwa nimeazimia. Akanikaribisha kiti, akaniletea maji ya baridi.

"Baba," nikamwambia, "wale kamba niliwaficha mimi. Yule binti hana kosa."

Akacheka! Tena kicheko cha upole. "Mama, nakuelewa. Mama yake amekuja kukulilia, siyo? Nyie wamama wa hadhi mna huruma mno, hawa watu wanaitumia."

"Sikiliza, mwanangu. Ni mimi kwa mikono yangu."

"Mama, mtu kama wewe ufiche kamba ili iweje?"

Jibu lilikuwepo. Ilibidi niseme: kwa sababu sina uwezo wa kuwanunua, na sijawahi kununua kitu humu zaidi ya dawa ya mswaki. Maneno machache tu. Yakapanda mpaka kwenye meno, yakagoma. Nikayameza. Nikasema, "Basi mfikirie tu, ni mtoto."

"Nafasi tumeshajaza, mama. Ila Mungu akubariki kwa moyo wako." Akaita mtu, nikaletewa katoni ya juisi, zawadi ya mteja mwema.

Nikaibeba. Umenisikia? Nikaibeba mpaka nyumbani!

Kesho yake asubuhi, jua limeshatoka, nikaenda kwa Mama Milembe bila ushungi wa kujificha.

"Mwangaluka, mama," akanisalimu kwa lugha ya kwao, anachambua karanga.

Nikamwambia yote, nimesimama. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akasema, "Najua. Aliniambia siku ileile."

"Sasa mbona hukuja kwangu?"

"Nije niseme nini, mama? Mimi muuza nsansa nije niseme wewe mwongo? Nani angesikia?"

"Milembe yuko wapi?"

"Sikonge, kwa shangazi yake. Anabeba maji ya vitalu vya tumbaku. Asubuhi ndoo kumi, jioni ndoo kumi. Ananiambia mabega yanazoea."

Mtu akikosa la kusema anasema upuuzi. Nikamwambia, "Nipimie maharage kilo mbili."

Akaweka karanga chini, akapangusa mikono kwenye khanga. Hakukasirika, ningefurahi angekasirika.

"Yangu hayakufai, mama. Kanunue kule kwenu."

Na muuza dagaa wa meza ya jirani akageuka kunitazama, safari hii hakuuliza jina langu.

Mpaka leo sijaenda Sikonge. Nauli ninayo. Kila wiki natafuta sababu: mvua, njia mbovu, mjukuu ana homa. Ijumaa bado nakwenda kwa Bi Salma, nakaa, wananisifu jinsi nilivyomwombea yule binti, maana meneja kawasimulia. Najichukia, na bado chai yao nakunywa.

Wewe unayesoma, nunua pale mfuko wako unapofika, stendi au sokoni, na ule chakula kizuri bila kutazama nani yuko nyuma yako kwenye foleni. Na kama umemchafua mtu mbele ya watu, kamsafishe mbele ya watu walewale, tena siku ileile, useme na sababu yake yote hata iwe ya aibu namna gani. Usingoje kama mimi. Ukichelewa, watakwambia una huruma.