Nyumba yetu imeandikwa haina mtu

Hapa Londiani hakuna mtu ananishinda kuongea. Hata ng'ombe wakinisikia wanaacha kutafuna.

Leo nilienda mkutano wa wananchi wa kurekebisha ramani ya mtaa, ile inaonyesha barabara mpya zitapita wapi.

Moja imepita katikati ya nyumba yetu. Jikoni kabisa!

Nikasimama. Nikamwaga Kiswahili mpaka afisa wa kaunti akavua miwani.

"Sawa, kijana. Lakini kwa orodha yetu hiyo nyumba haina mtu. Lete majirani wawili waseme unaishi hapo."

Wawili tu? Mimi? Nikacheka, nikamwonyesha Mama Chebet, tumepakana ua.

Akasimama polepole.

"Marehemu mama yake alikuwa rafiki yangu. Lakini huyu... afisa, siwezi kudanganya. Sijaona moshi kwa hiyo nyumba tangu matanga. Nilidhani alihamia Nakuru."

(Moshi utoke wapi? Mimi hula kibandani.)

Nikatafuta wa pili. Wote macho kwa mkate na soda zikishushwa.

Afisa akaandika: haina mtu.

Chekeni tu, nawajua. Lakini niambie, ungekuwa wewe ungemwita nani?

Na msimtukane Mama Chebet. Baada ya mazishi alikuja kubisha mlango karibu kila jioni, amebeba maziwa. Nilikuwa ndani. Nilinyamaza mpaka akachoka kuja.