Kristina na Namba ya Maji ya Kifuani

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umeikalia milima ya Uluguru. Kristina Amosi anapanda ngazi za wodi mbio, fomu mkononi. Kwenye benchi la mbele ya dirisha lake la bima amemwacha Mama Magdalena, mkulima wa kabichi kutoka Mgeta, anayesema maneno matatu kisha anapumzika.

Kifua cha mama huyo kimejaa maji. Yanatakiwa kuvutwa leo. Bima imekataa kibali.

Kristina, mwenye miaka 38, ni karani wa madai ya bima katika hospitali moja mjini Morogoro. Kazi yake ni kugeuza matibabu kuwa namba, maana bima haisomi ugonjwa, inasoma namba. Mwezi uliopita namba kumi na moja za matibabu ya mapafu zilibadilishwa. Waraka ulifika Ijumaa jioni, Jumatatu ukaanza kazi. Walioutunga wanapumua vizuri, watajuaje? Tangu hapo fomu arobaini na mbili zimerudishwa.

Zamani kuvuta maji kifuani kulikuwa na namba moja. Sasa ziko mbili: ya kuongozwa na ultrasaundi, na ya bila ultrasaundi. Ombi la Mama Magdalena lilikwenda na ile ya zamani.

“Nilikosea mimi,” anasema Kristina. “Mkono umezoea.”

Anamkuta Daktari Fidelis mlangoni mwa wodi.

“Daktari, utatumia ultrasaundi au hutumii? Umeandika ‘kuvuta maji’ tu.”

“Kristina, mimi natibu kifua, sitibu namba!”

“Namba ikikataliwa, kifua kinabaki benchi, daktari wangu. Halafu najua huwa unaitumia. Nimekuona.”

Ni kweli amemwona. Karani huyu, aliyeishia kidato cha nne na kuanza hapo akipiga deki, ana desturi ya kumwomba mgonjwa ruhusa, kisha anasimama pembeni daftari mkononi, aone. “Namba siiamini mpaka nijue mwili unafanywa nini,” anasema.

Daktari anacheka, anaandika. Baada ya dakika ishirini kibali kinaingia.

Mimi ninayeandika haya, benchi lile nalijua. Marehemu mke wangu alilikalia siku mbili akisubiri kibali, enzi hizo Kristina bado ana ndoo na dekio. Alituletea maji ya kunywa. Mkubwa hata mmoja hakuja kuuliza.

Mchana, Mama Magdalena ameketi kitandani, anatoa sentensi nzima.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu niandikie hiyo namba mkononi, wasije wakaibadilisha kabla sijafika Mgeta.”

“Wewe kalime kabichi, mama. Namba niachie mimi.”

Orodha mpya ya namba Kristina ameinakili nyuma ya kalenda kuukuu, namba zilizokufa kwa wino mwekundu. Anataka nakala zifike vituo vya afya vya Gairo na Kisaki, watu wasitoke huko kote kuja kuambiwa namba imekufa.

Barua kwa wakubwa wa bima nayo ameshaiandika. Anaomba hospitali zipewe taarifa mwezi mzima kabla ya mabadiliko.

“Na mwishoni nimewakaribisha,” anasema, akiikunja. “Waje wakae kwenye benchi letu. Nusu saa tu, inatosha.”