Vigingi vya Maji na Mtani wa Ng'ambo ya Barabara

Mji wetu, ukitaka kuuona wote, simama kwenye kituo cha bodaboda ugeuke mara moja. Umeshauona. Barabara ni moja, inatoka Masasi kwenda Newala, na sisi tumeipanga nyumba zetu huku na huku kama watu wanaosubiri msafara wa kiongozi ambaye hajapita hata siku moja. Nyuma ya soko uwanda unakatika ghafla, ardhi inaporomoka hadi bonde la Ruvuma, na ukungu ukiondoka asubuhi unaiona Msumbiji bila pasipoti. Nchi ya wenzetu tunaiona bure kila siku. Maji ndiyo hatuyaoni. Yako huko chini, na aliyetangulia kujenga huku juu sijui alikuwa na ugomvi gani na magoti ya wanawake.

Wakazi wenyewe ni hivi. Kuna wa kuja: walimu, manesi, bwana kilimo, wenye maduka. Hao wataitwa wageni mpaka wastaafu, hata wakizaa watoto wanaoongea Kimakonde kuliko mimi. Halafu kuna sisi wenyeji, Wamakonde upande wa ukingoni na Wayao ng'ambo ya barabara, na tunataniana tangu enzi za mababu. Mtani wako ana ruhusa ya kukusema mbele ya mkweo, kubeba kuku wako mchana kweupe, hata kuja msibani kwako na kutangaza kwamba marehemu alikuwa mchoyo. Ukikasirika, umeshindwa, na watakaochekwa ni ukoo wako wote.

Mtani wa mama yangu ni fundi cherehani, mzee wa Kiyao ambaye kibanda chake kinatazamana na njia ya kwetu. Mama hawezi kwenda popote bila kupita mbele yake.

"Mtani, kumbe hujafa?" fundi humuuliza.

"Nakusubiri utangulie, nije nile pilau," mama humjibu, na siku inaanza vizuri.

Sasa likaja bomba. Maji yangepandishwa kutoka bondeni, na mwisho huu wa mji tungepata kioski kimoja cha kuchotea maji. Kimoja tu. Vigingi vyekundu vya kuonyesha mahali pake vikachomekwa upande wetu, hatua chache kutoka uani kwa mama. Mama alikuwa amenieleza wazi, nami nilikuwa nimepanda kutoka Masasi ninakofanya kazi kuja kumsalimia: maji yasipofika hapo, anahamia Lupaso kwa mdogo wake. Magoti yamechoka na mteremko. Nyumba itafungwa, na mimi nitakuwa mtu wa kwenda kwa mama mdogo sikukuu, kulala sebuleni na mbuzi wa watu. Nilisikia vibaya sana, sitaficha.

Mhandisi wa ule mradi alikuwa kijana wa kutoka Kagera, mpole, wa kuja kabisa. Siku moja suruali yake ikachanika, akaipeleka kwa fundi. Wakati anangoja, akauliza kama kule ukingoni kuna wakazi wengi.

"Kule?" fundi akamjibu huku anakanyaga cherehani. "Walishahama wote. Walimaliza panya wa huku, wakawafuata wengine Msumbiji."

Mtu mwingine yeyote wa mji huu angecheka na kuongeza la kwake. Kijana wa watu hakucheka. Alivuka barabara kwenda kuangalia, na kwa bahati mbaya ulikuwa msimu wa korosho. Msimu wa korosho watu wetu huhamia mashambani na masufuria yao, wanalala huko huko, wanaokota kabla mvua haijaharibu. Akakuta kufuli mlango kwa mlango na mbuzi mmoja amelala barazani kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akang'oa vigingi, akavipeleka ng'ambo, karibu na uwanja wa mpira.

Na kuhusu panya, niseme tu kwamba wale wa shambani, waliokaushwa vizuri, ni watamu, na anayebisha hajala.

Mama alirudi nami kutoka shamba kufuata chumvi, akaona mashimo matupu. Alipoambiwa chanzo, alikwenda moja kwa moja kwa fundi. Nilimfuata nikijua kuna kazi, kwa sababu mama yangu ana hasira za karibu, na hapo hakuruhusiwa kuzitumia. Alisimama kibandani amefura. Akazunguka nyuma, akamkamata jogoo wa fundi kwa miguu, akarudi naye mbele.

"Hii ndiyo faini," akasema.

"Ya nini tena, mwizi wewe?" fundi akauliza, anacheka.

"Ya kutuhamishia Msumbiji. Maji yameondoka. Na mimi naondoka, nakwenda Lupaso."

Cherehani ikasimama. Fundi akatazama ng'ambo kwetu, akatazama vigingi vya uwanjani, ambavyo nadhani alikuwa anavishangilia tangu asubuhi bila kujiuliza vimetoka wapi. "Lakini nilikuwa natania," akasema.

"Mimi najua. Kamwambie mwenye suruali."

Akaenda. Mhandisi hakuelewa tofauti ya kutania na kudanganya, ila alikubali kuja kutazama kwa mara ya mwisho, kesho yake asubuhi. Akikuta watu, vigingi vitarudi. Watu wenyewe wako mashambani ambako simu haishiki hata ukipanda juu ya mkorosho. Mama akasema basi, yameisha, akaanza kukunja vitenge vyake. Fundi akasema yeye atashughulikia.

Sitasahau asubuhi ile. Kitongoji chetu kilikuwa kimejaa Wayao. Walikuwa wamekaa kila baraza. Bibi mmoja anatwanga kinu kitupu kwa bidii. Mwingine anafagia uwanja ambao haukuwa na hata jani. Fundi mwenyewe amejilaza kwenye mkeka mlangoni kwa jirani yetu, kanzu imepigwa pasi, anajipepea.

"Shikamoo mzee," mhandisi akamwamkia, kisha akashtuka. "Si wewe wa cherehani?"

"Marahaba. Yule ni pacha wangu, mtu mwongo sana. Mimi ni Mmakonde."

"Hapa ni kwako?"

"Kwangu kabisa. Karibu ndani upumzike." Akainuka, akasukuma mlango. Kufuli. Akasukuma tena, akasema mke wake ameondoka na ufunguo. Bibi wa kinu akadakia kwamba huyo mke alikimbia zamani, na yeye haoni ajabu. Wale wengine wakashindwa kujizuia. Mmoja akamwambia mhandisi asishangae akiona wamekonda, sisi Wamakonde ndivyo tulivyo, maana panya siku hizi wana mbio.

Hapo mama akachoka. Akasimama katikati ya uwanja na jogoo wake kwapani.

"Baba, hawa si watu wetu," akamwambia mhandisi. "Watu wetu wako kwenye korosho. Hawa ni watani, wanajua kuharibu tu."

Mhandisi akamtazama mama, akatazama kinu kitupu, akaanza kucheka polepole, halafu akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema kumbe huu ndio ule utani, hata kwao watani wapo, na kwamba anamwamini mama. Vigingi vilirudishwa siku hiyo hiyo, na waliovibeba ni Wayao, wakilalamika njia nzima.

Kioski kikajengwa. Maji yakatoka, watu wakapiga vigelegele, na kabla ya kiangazi kwisha yakaanza kutoka siku yanayojisikia. Wiki zingine hayatoki kabisa. Mama mdogo akapata habari, akaja kutoka Lupaso na bodaboda kumchukua dada yake. Nilikuwa nimepanda tena kumsalimia mama; nikakubali mwenyewe, nikaanza kufunga mizigo. Mama akaniambia niache.

"Dada, kwangu kisima kiko karibu," mama mdogo akambembeleza. "Huku unang'ang'ania nini?"

"Nikiamka huko Lupaso, nani atanitukana?"

Nilidhani mama mdogo atacheka. Akakaa kitako kwenye gunia la vitenge, akasema taratibu kwamba tangu mumewe afariki, yeye hajatukanwa na mtu. Watu wanamwamkia vizuri tu, wanapita.

Mama akamshika mkono, wakavuka barabara hadi kibandani kwa fundi. Fundi akasimamisha cherehani, akamtazama mgeni kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Mtani," akamwambia mama, "siku zote nakuonea. Kumbe mbaya mwenyewe ulimwacha Lupaso."

Mama mdogo akacheka mpaka akakaa chini, pale pale vumbini, na machozi yakawa yanamtoka.