Miraa Iliyoandikwa Kichaka

Kanisani, tukisali Baba Yetu na kufika pale pa kuwasamehe waliotukosea, mimi hunyamaza. Naungana na wenzangu tena kwenye majaribu. Kuna mtu ninayemwekea kinyongo.

Serikali ilipotaka kupitisha lami kwetu Mikinduri, alitumwa mthamini aandike mali ya kila shamba, ili wenyewe walipwe fidia. Kijana wa viatu vya kung'aa. Baba alimpokea kama mkwe. Alipanda mwenyewe kwenye miti mikongwe ya miraa iliyopandwa na babu yake, akachuma ile laini kabisa, akaifunga kwa majani ya mgomba. Hilo ndilo fungu la ncoolo, tunalolipeleka tukienda kuposa. Kwetu, ukilifungua umekubali, na aliyekubali hageuki. Yule bwana alilifungua papo hapo, hata hakukaa. Baba akaona mambo yamekwisha, akatia kidole kwenye karatasi bila kuuliza imeandikwa nini.

"Usijali, mzee, compensation yako itakuwa ya maana," mthamini alisema, shavu limevimba kwa miraa yetu.

Malipo yalipokuja, tulilipwa udongo na choo. Miti haikuwamo. Nilikwenda ofisini kuuliza, nikaambiwa hapo paliandikwa vichaka. Mtu anatafuna mti mchana kutwa, kisha anauandika kichaka! Baba alisimama kando akitazama tingatinga likiing'oa miti ya babu yake. Hakutafuna miraa tena mpaka tulipomzika. Shamba lilikuwa limekwenda, kwa hiyo mimi nilirithi hasira yake, na nimeitunza vizuri.

Barabara ilitubakishia kipande chembamba upande wa juu, ambacho serikali haikukitaka. Mama aliniambia niokote machipukizi kwenye mizizi iliyong'olewa, niyapande hapo. Nikapanda. Miraa haina haraka, nasi hatukuwa nayo.

Miaka mingi baadaye, shamba lililo nyuma ya kipande chetu liliuzwa. Mnunuzi alikuwa yule yule mthamini, sasa mstaafu mwenye kitambi. Aliona lami iko karibu, akalipa, akajenga nyumba ya ghorofa. Hakujua kwamba kile kijistari cha miti kati yake na barabara kina wenyewe. Bila kupita kwetu, ilimbidi ateremke mpaka bondeni kwenye tope, ndipo apande tena. Nilipopata habari nilicheka peke yangu jikoni, mke wangu akauliza kama nina malaria.

Alikuja na sukari na mikate, akaomba tumuuzie upana wa gari moja tu. Mama alikuwa ameketi nje akichambua maharage ya njahi. Hakumkaribisha kiti. Alinyoosha kidole kwenye ile miti.

"Wewe ulisoma. Hiyo ni nini?"

Mstaafu alitazama viatu vyake. "Ni miraa, mama."

"Sema tena, mtoto wangu asikie."

"Ni miraa."

Mama akarudia njahi zake. "Haya. Zungukia huko chini."

Mama ameshapumzika sasa, na bado hatujauza. Mvua ikinyesha, jioni husikia gari lake likinguruma bondeni, magurudumu yakizunguka bure. Huwa nazima redio, nikavuta kiti karibu na dirisha.