Picha ya Kumuaga Mama Mwanahawa

Nafundisha fizikia hapa Kibuta, na ugonjwa wangu ni kupiga picha za nyota. Picha moja huwa na chengachenga, kwa hiyo napiga arobaini, kompyuta inaziunganisha zinakuwa moja safi.

Siku ya kumuaga Mama Mwanahawa, mwalimu mwenzetu aliyestaafu, umeme ulikatika, ukumbi ukawa na giza. Nikaona hapa ndipo penye utaalamu wangu. Nikasimamisha kamera, nikapiga arobaini.

Nyumbani nikalinganisha programu mbili. Ya kwanza inachanganya kila kitu. Ya pili inabakiza kilichotulia na kufuta kinachopita, kama ndege inayokatiza angani. Nikakuza kona ya ukuta. Ya pili haikuwa na chenga hata moja. Nikaichapisha kubwa, na fremu juu, bila kutazama zaidi ya ukuta ule.

Jumatatu nikamkabidhi mbele ya walimu wote. Mkuu wa shule, aliyesinzia sherehe nzima, ametoka safi, mdomo wazi. Mama Mwanahawa, aliyekuwa akizunguka kukumbatia watu, hayumo kabisa.

Akajitafuta taratibu, kisha akaniangalia.

"Mwanangu, nimestaafu tu. Sijafa."